Barua Ndani ya Helikopta: Usalama wa Mitandao Inayostahimili Ucheleweshaji

Mtandao unaostahimili ucheleweshaji umebuniwa kwa ajili ya mahali ambapo njia nzima kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji haipatikani kwa wakati mmoja. Intaneti ya kawaida haiwezi kuishi hivyo. Simu iliyoko Mombasa ikifungua ukurasa ulio kwenye seva ya Frankfurt, pakiti huenda na kurudi mara kadhaa ndani ya sekunde chache, na njia ikikatika mazungumzo huvunjika. Katika mtandao huu mwingine, ujumbe hufungwa ukawa furushi kamili, hukabidhiwa kituo kilicho karibu, hukaa hapo kwa saa au kwa siku mpaka ipatikane nafasi ya kusonga mbele, kisha hukabidhiwa tena. Wazo lilianzia angani: mwaka 1998 wahandisi wa Jet Propulsion Laboratory nchini Marekani, wakiwa pamoja na Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, walianza kufikiria intaneti ya kuunganisha sayari. Mwaka 2003 mtafiti Kevin Fall akaonyesha kwamba tatizo la wanaanga ni tatizo la watu wengi duniani pia, kila palipo na umeme wa kubahatisha na mawimbi yanayokuja na kutoweka. Usanifu wa mtandao huo ulichapishwa mwaka 2007 kwa jina RFC 4838, katika mfululizo wa hati za ufundi wa intaneti, na itifaki ya mafurushi, RFC 5050, ikafuata mwaka huohuo.

Kuthibitisha kwamba furushi linafika kunawezekana maabara. Kuthibitisha kwamba linafika bila kusomwa, kubadilishwa wala kuzuiwa, mikononi mwa watu wenye maisha yao, kunahitaji majaribio ya nyikani. Mara nyingi watafiti husukuma suala la usalama hadi awamu ijayo, kwa hoja kwamba hili bado ni jaribio. Hoja hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Jaribio ni jaribio kwa mtafiti peke yake. Kwa mfugaji anayemwandikia bintiye aliye shuleni, barua ni barua, na asiyehusika akiisoma, imesomwa kweli.

Mfano wenye mafunzo mengi uko kaskazini ya mbali ya Uswidi. Padjelanta ni hifadhi ya taifa ya milima na maziwa yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 2,000, sehemu ya Laponia ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Barabara haifiki. Majira ya joto familia za Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huhamia makazi kama Staloluokta, wakifuata kulungu wa kaskazini wanaowafuga, huku watalii wakipita kwa miguu. Kati ya mwaka 2008 na 2011 mradi ulioitwa N4C, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, ulijaribu kuwafikishia watu hao barua pepe na kurasa za wavuti kwa njia ya mafurushi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Luleå na Trinity College ya Dublin vilikuwa miongoni mwa washiriki, na majaribio mengine yalifanyika Kočevje, Slovenia. Vituo vya umeme wa jua viliwekwa mlimani. Helikopta ambazo zilikuwa na safari zake za kubeba abiria na mizigo zilipakiwa vifaa vidogo vya kuhifadhi data. Zilipotua, mafurushi yalishuka na mengine yalipanda, bila rubani kugusa chochote. Mmoja wa watafiti wa mradi huo, Stephen Farrell wa Trinity, ni miongoni mwa waandishi wa RFC 6257 ya mwaka 2011, hati iliyoweka itifaki ya usalama wa mafurushi. Ni nadra sana mwandishi wa kanuni kuishi na kanuni yake mahali penye mvua na baridi, na fani nzima ingenufaika kama jambo hilo lingekuwa kawaida.

Swali la kwanza ambalo uwanja huuliza ni nani hasa anaogopwa. Makala za kitaaluma zimejaa maadui hodari: kituo kinachovuta mafurushi yote na kuyameza, kituo kinachojifanya kingine, kituo kinachowafurikisha wenzake kwa takataka. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walitumia kumbukumbu za DieselNet, mtandao wao wa mabasi mjini Amherst, kupima mashambulizi ya aina hiyo. Walionyesha kwamba mtandao unaotawanya nakala nyingi za kila furushi unaweza kustahimili maadui wengi hata bila kuhakiki utambulisho wa mtu, kwa kuwa nakala moja ikimezwa nyingine hupita kwingine. Hayo ni matokeo ya maana, lakini hayakihusu kijiji chenye helikopta moja. Huko njia ni moja na nakala ni moja. Tena adui wa kwanza wa nyikani huwa kituo kilichopangwa vibaya, ambacho tabia yake haitofautiki na ya mshambuliaji: hupokea kila kitu na hakitoi kitu. Asiyeweza kutambua hitilafu ya kawaida hawezi kudai kwamba ametambua hujuma.

Kisha lipo sanduku lenyewe. Kituo cha nyikani hakina mlinzi, hakina mlango wa chuma, na paneli yake ya jua inaonekana kutoka mbali. Anayekichukua huondoka na diski yenye barua za watu zinazosubiri usafiri. Jibu la haraka ni kusimba diski yote, ila jibu hilo hugongana na hali ya umeme. Kituo cha jua huzimika wingu likikaa siku mbili na huwaka chenyewe jua likirudi, na hakuna mtu wa kuandika nywila kila kinapowaka. Hivyo ufunguo wa diski lazima ukae ndani ya sanduku lilelile, na mwizi huondoka na vyote viwili. Zipo chipu maalumu za kuficha ufunguo, lakini kinga yake dhidi ya mtu mwenye muda na sanduku mikononi ina kikomo. Lililo la uhakika zaidi ni kwamba barua iwe imesimbwa na mtumaji kabla ya kufika kituoni, ili kituo kisiwe na siri ya kupoteza. Na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Ugumu wenyewe uko kwenye funguo. Intaneti ya kawaida hulinda mazungumzo kwa itifaki ya TLS, na TLS hudai pande mbili zijibizane kwanza. Kabla ya TLS yenyewe, muunganisho wa TCP hudai mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi. Toleo la TLS 1.2 huongeza miwili. Toleo la 1.3 la mwaka 2018 limepunguza ukawa mmoja. Mjini mizunguko hiyo haimalizi hata nusu ya sekunde. Pale ambapo mjumbe ni helikopta inayokuja mara moja kwa siku, mizunguko mitatu ni siku tatu za salamu kabla neno la kwanza la barua halijaondoka, na ukungu ukizuia safari moja hesabu huanza upya. Kwa hiyo furushi lazima lijilinde lenyewe: libebe sahihi yake na usimbaji wake, likubalike na kituo ambacho hakijawahi kuzungumza na mtumaji na huenda hakitazungumza naye kamwe.

RFC 6257, na RFC 9172 iliyochukua nafasi yake kwa toleo jipya la itifaki mnamo Januari 2022, zinaeleza vizuri jinsi furushi linavyojilinda. Sehemu moja ya furushi hubeba uthibitisho kwamba yaliyomo hayajaguswa, nyingine hubeba yaliyosimbwa. Lakini namna ya kuzigawa funguo zenyewe imeachwa nje ya hati. Hati mwenza, RFC 9173, inatoa algoriti za kuanzia, ambazo ni HMAC ya familia ya SHA-2 na AES-GCM. Zote ni za ufunguo wa pamoja ambao pande zote mbili zinapaswa kuwa nao. Zimeupataje? Hati haijibu, na kwa haki haikuahidi kujibu.

Majaribio madogo hulificha pengo hilo badala ya kulifunua. Mtafiti mwenye vituo sita huvipakia funguo zote kwa mkono mezani pake, huvifunga kwenye mkoba, na kila kitu hufanya kazi. Ripoti husema usalama uliwashwa na gharama yake ilikuwa ndogo. Kilichothibitishwa ni kwamba mtu mmoja anaweza kubeba funguo za vituo sita. Vituo vikiwa mia sita, chini ya vijiji na mashirika tofauti, mtu huyo hayupo tena. Hapo huanza maswali ambayo ripoti haikuyagusa: kituo kilichoibwa kinafutwaje kwenye orodha? Kwenye intaneti ya kawaida kivinjari kinaweza kuuliza papo hapo kama cheti bado ni halali. Nyikani, taarifa ya kubatilishwa kwa cheti husafiri kwa helikopta ileile inayosafirisha mafurushi ya mwizi, na katika muda wote huo mwizi ni mwanachama halali. Baadhi ya watafiti, wakiwemo wa mradi wa KioskNet wa Chuo Kikuu cha Waterloo uliojaribu kutumia mabasi kuunganisha vibanda vya vijijini India, walipendekeza funguo za umma zinazotokana na jina la mtu, ili mtumaji asihitaji kwenda kutafuta cheti. Njia hiyo hupunguza safari, lakini hujenga ofisi moja inayoweza kutengeneza ufunguo wa siri wa kila mtu. Katika jamii ambayo ina sababu za kihistoria za kutoamini ofisi za mbali, na Wasami wanazo, gharama hiyo si ya kiufundi tu.

Hata funguo zikipatikana, anwani hubaki wazi. Bahasha anayokabidhiwa kondakta wa basi la Mwanza inaweza kufungwa kwa gundi na lakiri, lakini jina la mpokeaji lazima lisomeke, ama sivyo haitafika. RFC 9172 inakataza kusimba sehemu ya kwanza ya furushi, ile yenye mtumaji, mpokeaji na muda, kwa sababu kila kituo njiani huihitaji. Mjini anwani moja hupotea ndani ya mamilioni. Katika makazi ya familia chache, kujua nani alimwandikia daktari, nani alimwandikia wakili, na nani aliacha ghafla kumwandikia nani, ni kujua habari yenyewe. Wanaopima usalama kwa urefu wa ufunguo hawalioni hili; wanaoishi kijijini huliona siku ya kwanza.

Kurasa za wavuti zina matata zaidi. Wakati wa majaribio ya Padjelanta tovuti nyingi zilikuwa bado hazijasimbwa. Lango lililoko mjini lingeweza kuzichukua, kuzifunga na kuzipeleka, na nakala moja kuwafaa wasomaji kadhaa. Tangu Let's Encrypt ianze kugawa vyeti bure mwishoni mwa mwaka 2015, wavuti imegeuka. Karibu kila tovuti sasa hudai TLS kati yake na kivinjari cha msomaji, na kivinjari cha mlimani hakiwezi kutimiza sharti hilo. Lango hulazimika kuzungumza kwa niaba yake. Kwa gazeti au utabiri wa hali ya hewa hakuna madhara. Kwa benki au sanduku la barua lililo kwenye wavuti, lango lingehitaji kushika nywila ya mtu na kusoma yote yanayopita, jambo ambalo TLS ilibuniwa kulizuia. Jaribio la heshima hukataa kubeba huduma hizo na huwaambia watumiaji waziwazi sababu ya kukataa. Barua pepe hubaki huduma inayofaa zaidi, kwani tangu awali ilizoea kusubiri, ingawa nayo huhitaji taka zichujwe mjini kabla hazijajaza nafasi finyu ya helikopta.

Muda ni silaha ambayo wengi huisahau. Kila furushi hubeba saa lilipotengenezwa na muda wake wa uhai. Muda ukipita, kituo hulifuta. RFC 5050 ilihesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 2000 na kudhani kwamba vituo vyote vinakubaliana kuhusu saa. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu hazina betri ya saa, na zikizimika huamka katika tarehe ya zamani. Kituo kama hicho hutoa mafurushi ambayo kwa jirani yamekwisha kufa kabla ya kuzaliwa. Setilaiti ya Uingereza UK-DMC ilipotumia itifaki hii angani mwaka 2008, tatizo la kulinganisha saa lilijitokeza, na wahandisi wake wakaliandika mwaka uliofuata katika makala iliyolalamikia pia kukosekana kwa njia nyepesi ya kugundua furushi lililoharibika. Toleo jipya, RFC 9171, lilijibu yote mawili: liliweka namba za ukaguzi, na likaruhusu furushi kubeba umri wake badala ya saa ya kuzaliwa. Lakini umri huongezwa na kila kituo njiani, hivyo hauwezi kulindwa na sahihi ya mtumaji. Kituo kiovu, au kilichokosea tu, kinaweza kulizeesha furushi la jirani mpaka life, na hakuna atakayejua kwamba liliuawa.

Nafasi ya kuhifadhi ni hazina nyingine inayoweza kuibwa. Kituo kinachokubali kila furushi hujazwa na mtumiaji mmoja mwenye picha nyingi, na barua ya dharura ikakosa mahali. Mgawo kwa kila mtumiaji hutatua hilo, lakini mgawo hudai kujua nani ni nani, na mjadala ukarudi kwenye funguo. Ripoti za hali nazo zilikuwa na hatari: mtumaji angeweza kuomba kila kituo njiani kiripoti kwa mtu wa tatu, na furushi moja likazaa mengi dhidi ya asiyehusika. RFC 9171 sasa inaagiza ripoti hizo zizimwe mpaka msimamizi aamue kuziwasha.

Si kila jaribio hubeba barua za watu. ZebraNet ya Chuo Kikuu cha Princeton ilifunga kola zenye GPS kwenye pundamilia wa Laikipia, Kenya, mwaka 2004. Wanyama walipokutana, kola zilibadilishana kumbukumbu, ili mtafiti akimfikia mnyama mmoja apate habari za wengi. Ubunifu huo ulikuja kuwa rejea kubwa ya fani nzima. Uzuri wake kiusalama ndio hatari yake vilevile: kola moja iliyookotwa hueleza kundi lote lilipo na maji linayoyategemea. Kwa pundamilia wa kawaida hatari si kubwa. Teknolojia hiyohiyo ikifungwa kwa faru au tembo, taarifa hizo zina bei kwa majangili, na kusimba kumbukumbu kwa ufunguo wa umma wa kituo cha utafiti, ili kola yenyewe isiweze kuzifungua, kunapaswa kuwa sharti la kibali.

Lipo pia tishio linalotoka kwa watafiti wenyewe. Kila jaribio hurekodi: kifaa gani kilikutana na kipi, saa ngapi, wapi. Bila rekodi hizo hakuna makala. Kuondoa majina hakutoshi. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza mienendo ya watu milioni 1.5 wenye simu na kuonyesha kwamba nukta nne za mahali na wakati zinatosha kumpambanua kila mmoja wa asilimia 95 ya watu hao. Ikiwa nukta nne zinatosha ndani ya umati kama huo, makazi ya familia chache mlimani hayana mahali pa kujificha. Rekodi hizo huhitaji tarehe ya kufutwa iliyotajwa kabla ya kuanza, na ridhaa inayoombwa kwa lugha ya wenyeji, si kwa fomu ya chuo kikuu cha mbali.

Yanayotokea chombo kikitoka mikononi mwa wabunifu na kuangukia watu wenye maadui wa kweli yalionekana mwaka 2020. Bridgefy, programu ya simu inayorusha ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, ilikuwa imetumiwa na waandamanaji wa Hong Kong na kwingineko. Watafiti wa Royal Holloway, London, walipoichunguza, waligundua kwamba ujumbe uliweza kusomwa na kughushiwa, mahusiano ya watumiaji kuchorwa, na ujumbe mmoja uliotengenezwa kwa hila kuuangusha mtandao wote. Programu hiyo haikuwa imebuniwa kwa ajili ya maandamano. Wanaojenga mtandao wa maeneo yasiyo na mawimbi hawachagui nani atauhitaji.

Mashirika ya anga yamepiga hatua za wazi. Chombo cha NASA kiitwacho PACE, kilichorushwa Februari 2024, hutumia mafurushi katika kazi yake ya kila siku. Ila NASA inamiliki chombo, ina mikataba na vituo vya ardhini, na inapanga funguo kutoka ofisi yake. Kijiji hakimiliki helikopta, rubani hajaajiriwa na mtandao, na mtaalamu huondoka msimu ukiisha. Mafanikio ya angani hayahamii ardhini bila kazi mpya, na kazi hiyo haipati fedha kwa urahisi, kwa sababu haina picha ya roketi.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni kufunga jaribio. Fedha zikiisha, masanduku hubaki ukutani mwa nyumba za watu yakiwa na funguo hai, na barua ambazo hazikuwahi kufika hubaki ndani yake. Mpango wa usalama uliokamilika hutaja nani atayashusha masanduku hayo, lini funguo zitabatilishwa, diski zitafutwa mbele ya nani, na barua zilizokwama zitarudishwaje kwa waliozituma. Bajeti ya safari hiyo ya mwisho hutengwa mwanzoni, pamoja na ile ya paneli za jua.